Mimi Ndiye Mzigo Uliofika

Mwezi uliopita niliwasilisha pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili mbele ya semina ya idara. Mada ni punda na biashara ya maji vijijini. Nilipewa dakika kumi na tano. Sijamaliza hata ya tatu, kicheko kikaanza viti vya nyuma, kile cha chini chini ambacho mtu hukifunika kwa kiganja. Mwenzangu mmoja, kijana mwerevu ambaye hunikopesha chaja na ambaye nitaendelea kuikopa, akauliza kama nimeshapata wafadhili Uingereza. Darasa likaacha kuficha. "Si kwa ubaya," akasema, "lakini huruma ya punda ni anasa ya wazungu. Sisi bado tuna watu wa kuhurumia."

Sikumjibu. Nilibonyeza slaidi iliyofuata ikawa ni picha ya punda, wakacheka tena. Basi namjibu hapa, ambapo hakuna anayenipimia dakika.

Kwanza, mimi si mpenzi wa wanyama. Paka hunikera. Mbuzi namla, na mifupa yake naifyonza. Najua pia kwamba Waturkana hula punda, na sina neno nao, kwani kila jamii na chakula chake. Kwa hiyo yule anayetaka kuniuliza mbona ng'ombe achinjwe na punda asichinjwe, swali hilo alipeleke kwingine.

Nyumbani kwetu ni kwenye uwanda ulio chini ya Mlima Longonot, upande ambao vumbi huingia hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mto hatuna. Tuna kisima cha mashine, kilomita nne kutoka kwetu, chenye maji yaliyotupaka meno rangi ya chai. (Mtu wa Nakuru akicheka, unajua ametoka Nakuru.) Maji hayo huteremshwa vijijini kwa mikokoteni ya punda, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, na msimu wa kiangazi kwa zaidi. Shosho yangu amefanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Wazazi wangu walipokwenda kutafuta riziki kwenye mashamba ya maua, mimi na kaka yangu mdogo tulibaki naye, na kila kitu tulichokula na kuvaa kilipitia mgongoni mwa punda jike mmoja wa kijivu. Tulimwita Shamba, kwa sababu shamba ndilo tulilokuwa hatuna.

Shamba alinipeleka shule ya msingi, akanipeleka sekondari. Agosti 2017 nikapata barua ya kuitwa chuo kikuu. Mkopo wa serikali ulikuwa haujafika na tarehe ya kuripoti ilikuwa inakaribia. Wakati huo kijijini kulikuwa kumeanza kupita vijana wa pikipiki wakiuliza nani ana punda mzee. Bei ilikuwa imepanda hadi watu wakadhani ni mzaha. Kabla ya hapo punda mzee hakuwa na bei kabisa: alikaa nyuma ya nyumba hadi siku yake.

Shamba hakuibwa. Tulimuuza. Shilingi 12,000, noti zilihesabiwa kwenye benchi la nje, Shosho akaziweka kifuani akaingia jikoni na hakutoka hadi lori lilipoondoka. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi sketi. Kutokana na pesa hizo nilinunua godoro la futi tatu, ndoo na blanketi, na zilizobaki zikaingia kwenye karo. Kuna msemo ambao makondakta huubandika kwenye vioo vya matatu: punda afe, mzigo ufike. Nilipanda matatu yenye msemo huo kwenda chuoni, godoro langu likiwa limefungwa juu. Sikuuona siku hiyo. Nimeuona mara nyingi baadaye.

Nimeweka jambo hili mwanzoni kwa sababu mtu anayelaumu soko huku ameficha risiti yake ni mwongo, na mimi nimeandika mengi chuoni bila kuitaja risiti hiyo.

Miaka miwili ikapita. Agosti 2019 nilikuwa likizoni. Jirani yetu mmoja, mjane anayeuza maji kama Shosho, aliamka saa kumi na moja akakuta uzio wake umekatwa. Punda wake jike hayupo, na mtoto wa punda, aliyezaliwa wiki tatu tu kabla, hayupo pia. Tulitafuta pamoja, wanawake, watoto na mbwa. Tuliwapata kwenye kichaka cha leleshwa nyuma ya kanisa, hata si mbali. Mama alikuwa amechunwa ngozi yote isipokuwa miguuni. Nyama ilikuwa pale pale, kilo kwa kilo, na nzi. Yule mdogo alikuwa amesimama kando yake akimsukuma kwa pua kwenye tumbo, pale chini ambapo chuchu zilikuwa. Hawakumgusa. Ngozi yake ilikuwa ndogo mno kupata bei.

Nataka wale wanaosema kwamba hili ni suala la nyama waione ile nyama iliyoachwa.

Mjane alimtazama yule mdogo mara moja akageuka. "Mwondoeni," akasema. "Sina cha kumpa na siwezi kumwangalia." Shosho hakuuliza mtu. Alifungua leso kiunoni, akamfunga shingoni, akaanza kumvuta taratibu. Mnyama hakutaka kuondoka. Ilituchukua zaidi ya saa moja kutembea umbali wa kutupa jiwe mara tatu, kwa sababu kila hatua chache alirudi. Baadaye daktari wa mifugo alituambia kwamba punda ndivyo walivyo, akifiwa na mwenzake ni vizuri aachwe na maiti kwa muda, la sivyo hukataa kula kwa kumtafuta. Sisi hatukujua. Tuliona tu kwamba hataki.

Kaka yangu alikuwa darasa la sita. Ndiye aliyempa jina, akiwa na daftari la Kiswahili mkononi: Kihongwe. Wasomaji wengi wa jarida hili waliikariri orodha hiyo kwa hofu ya kiboko. Mtoto wa nyuki ni jana, wa simba ni shibli, wa chura ni kiluwiluwi, wa punda ni kihongwe. Nililijua neno hilo kwa miaka kumi na mbili bila kumwona hata mmoja wao akililia maziwa. Shosho, ambaye kwa lugha yetu humwita ndigiri, alisema jina litasubiri hadi tujue kama ataishi. Lakini kaka alishalitamka, na sasa ni dume mzima anayeitwa Kihongwe, kama yule mzee wa miaka sabini mnayemwita Mtoto.

Sasa nieleze tulivyomlisha, maana watu wanadhani ni chupa na mapenzi.

Bahati ya kwanza ni kwamba alikuwa amepata dang'a ya mama yake. Mtoto wa punda asiyepata maziwa hayo ya mwanzo katika saa za mwanzo huwa hana kinga, na chupa haimwokoi. Bahati ya pili ni yule daktari wa mifugo, aliyekubali kushauri kwa simu bila kudai malipo. Maziwa ya punda yanakaribia ya binadamu kuliko ya ng'ombe: yana mafuta kidogo na sukari nyingi. Ukimpa ya ng'ombe kama yalivyo, tumbo litamharibikia. Kwa hiyo tulienguа malai, tukayaongezea maji yaliyochemshwa na glukosi kidogo, tukayapasha hadi joto la kifundo cha mkono. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Chupa ishikwe chini kiasi, shingo yake ikae kama anavyonyonya kwa mama, akiwa amesimama. Ukimlaza chali kama mtoto wa mtu, maziwa huingia mapafuni na umemuua kwa mkono wako.

Zamu za usiku zilikuwa zangu. Usiku wa Longonot mwezi wa nane ni baridi inayoingia mifupani, na mtoto asiye na mwili wa mama wa kuegemea hutetemeka hadi meno yagongane. Shosho alichukua sweta yangu ya sekondari, ile ya bluu yenye nembo, akakata mikono, akamvalisha. Nililalamika. Nilikuwa naiweka kwa kumbukumbu. Alinitazama kama mtu anayehesabu noti, akasema, "Sweta hii ilinunuliwa na nani, mama?"

Huo ndio wakati pekee katika miaka hii yote ambapo amegusia habari ya Shamba mbele yangu, na hata hapo hakumtaja.

Siku ya tano alihara. Siku ya sita hakusimama. Nilimkalia kichwa chake mapajani, nikimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na nakiri nilifanya hesabu: lita za maziwa, glukosi, vocha za simu, na bei ya kihongwe mzima sokoni. Haikukubali. Shosho hakufanya hesabu hiyo, au aliifanya kwa vitabu vingine. Siku ya nane aliinuka mwenyewe akaibwaga ndoo.

Nikiwa chuoni muhula uliofuata, wenzangu walipanga safari ya kituo cha ndovu mayatima cha Sheldrick Wildlife Trust, kule kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mgeni huingia saa tano asubuhi, ndovu wadogo hutoka mbio wakinywa chupa kubwa kubwa, na walezi wao husimulia mama wa kila mmoja alikufaje. Usiku walezi hulala nao kibanda kimoja. Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi kupata mchanganyiko wa maziwa ambao ndovu mchanga angeuhimili, na mafuta ya nazi ndiyo yaliyofungua mlango. Nilisimama nyuma ya kamba nikilia kamasi, kwa sababu nilijua zamu ya usiku ni nini. Sina ugomvi hata kidogo na kazi ile.

Ninachouliza ni hiki. Hakuna hata mmoja kwenye basi letu aliyesema siku ile kwamba bado tuna watu wa kuhurumia. Yule yule mwenye chaja alipiga picha thelathini. Huruma ya ndovu hatukuiita anasa ya wazungu, ingawa wageni waliojaa pale na kulipa kulea ndovu kwa mwaka wengi wao walikuwa wazungu. Kwa nini? Kwa sababu ndovu yumo kwenye noti na kwenye matangazo ya utalii, na punda yumo barabarani akizuia gari lako. Ndovu hajawahi kumletea maji mtu yeyote kwenye semina ile. Ningeweza kuwaorodhesha kwa majina wale ambao punda amewaletea, wamo, na walicheka kuliko wengine. Tunamwonea aibu punda kama tunavyouonea aibu mtungi wenyewe na lafudhi ya nyumbani.

Kuhusu biashara yenyewe, nitasema kwa ufupi maana imeandikwa sana. Uchina huchemshwa ngozi za punda kupata gundi iitwayo ejiao, dawa ya jadi ambayo siku hizi imeingia hadi kwenye vipodozi na vitafunio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Uchina ilikuwa na punda wapatao milioni 11. Walipungua hadi wenye viwanda wakaanza kutafuta ngozi kwingine. Hapa Kenya, kuanzia 2016, vikafunguliwa vichinjio vya punda Baringo, Nakuru, Machakos na Turkana. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, kwa hesabu ya watafiti wa serikali wa KALRO, walichinjwa zaidi ya punda 300,000. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2.

Mwenzangu mwingine, huyu wa uchumi, hakucheka. Alinipa hoja, nami namshukuru kwa hilo. Bei ikipanda, alisema, wafugaji watafuga zaidi na soko litajisawazisha. Hoja nzuri kwa kuku. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mmoja. Huyo mmoja hukua miaka mitatu au minne kabla ya kustahili mzigo mzito. Kama pesa na utaalamu vingetosha kuharakisha hilo, Uchina ingefuga wake badala ya kutuma watu hadi vichaka vya Longonot. Na mwizi hasubiri miaka minne. Soko lilijisawazisha kweli, usiku, kwa kukata uzio wa mjane.

Niwarudie sasa wale "watu wa kuhurumia kwanza". Jirani yetu, asubuhi iliyofuata baada ya kichaka kile, alienda kisimani kwa miguu. Alifunga mtungi kwa mkanda, mkanda akauweka kwenye paji la uso, kama bibi zake walivyofanya. Lita 20 kwa safari moja badala ya mitungi kumi. Safari mbili kwa siku, kilomita kumi na sita. Wateja wake walihamia kwa wenye mikokoteni. Binti yake wa kidato cha pili alianza kukosa shule siku za Jumatatu na Alhamisi ili asaidie, kisha akaacha kuhesabu siku. Mkanda ule huacha mfereji kwenye paji, msomaji, unaweza kuweka kidole ndani yake. Huyu ni mtu. Alihitaji kuhurumiwa kwanza. Niambie ungemhurumia vipi bila kugusa habari ya punda wake?

Nimewajibu wenye dhihaka. Niwageukie wanaonikubali haraka mno, maana nao wana hatari zao na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kaka yangu aliweka mtandaoni picha ya Kihongwe akiwa amevaa sweta ya shule. Ilisambaa kuliko chochote tulichowahi kufanya kama familia. Watu walimwaga mioyo. "Mtoto wetu." "Kifungua mimba." Mtu mmoja wa Nairobi alitupigia akitaka kumnunua awe wa watoto wake kucheza naye uani. Sisi wenyewe tuliamini. Tulimlisha mandazi mkononi. Alilala mlangoni kwa jiko, akiingiza kichwa dirishani wakati wa chai. Korona ilipotufungia nyumbani 2020, nilikuwa naye kutwa, nikimkuna masikio na kumsomea vitini vya takwimu.

Alipofikisha mwaka mmoja na nusu alikuwa tishio. Alisimama kwa miguu miwili na kumwekea mtu ile ya mbele mabegani, alivyozoea alipokuwa mdogo, ila sasa akiwa na uzito wa magunia. Alimng'ata mtoto wa shangazi mkononi. Mimi alinipiga teke la paja nikachechemea mwezi mzima, na kijiji kizima kikanikumbusha kwamba asante ya punda ni mateke, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kulisema.

Methali hiyo nimeichukia, na si kwa sababu ya paja. Mtoto wa punda hufundishwa adabu na punda. Akimsogelea jike vibaya, hupigwa teke la kiasi, akirudia hung'atwa, na hivyo hujua mwili wake unaishia wapi na wa mwenzake unaanzia wapi. Sisi tulimnyima shule hiyo kisha tukamlaumu kwa kufeli. Hakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye ila watu, na alitupiga teke kama punda anavyompiga rafiki yake. Kumfanya mtoto wetu kulimgharimu upunda wake, na sweta yenye picha nzuri haikumsaidia lolote hapo.

Aliyemponya ni mzee mmoja wa mtaa wa pili mwenye punda watatu. Alihasiwa kwanza na daktari, jambo ambalo tulikuwa tumelichelewesha kwa kumwonea huruma. Kisha Shosho alimpeleka kwa mzee huyo akamwacha huko miezi minne. Siku ya kwanza wale watatu walimtwanga hadi nikaomba arudishwe. Mzee alinifukuza. Nilipomwona tena alikuwa amesimama mkiani mwa mwenzake, kichwa kwa mkia, wakifukuziana nzi usoni kama wanavyofanya punda wote, na aliponiona aliinua masikio tu akaendelea na shughuli zake. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Kwa hiyo mtu akiniambia ana kihongwe yatima na anataka kumwingiza katika familia, namuuliza kama ana punda wengine, kama yuko tayari kuamka saa nane usiku, na kama anajua mnyama huyo huishi miaka thelathini au zaidi. Mapenzi sijamuuliza, hayo yapo tele.

Februari 2020 waziri wa kilimo alipiga marufuku uchinjaji wa punda. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo, upande wa serikali ukiwa haukujitetea vya kutosha. Tanzania nayo ilikuwa na vichinjio vyake Dodoma na Shinyanga, ikavifunga. Desemba 2022 wajumbe kutoka nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kumjadili punda, na Februari 2024, Addis Ababa, wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika, watu ambao hawakubaliani hata saa ya kuanza kikao, walikubaliana kusitisha biashara ya ngozi ya punda barani kwa miaka 15. Rafiki yangu wa chaja, katika ukumbi ule wazungu walikuwa wangapi?

Lakini azimio ni karatasi na uzio wetu ni wa miti. Desemba iliyopita kijana wa pikipiki alipita tena. Si yule wa zamani, labda mdogo wake. Alimtazama Kihongwe kuanzia masikioni hadi kwatoni, akataja bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu inatamanisha. Mjomba wangu alikuwepo. Ni mtu mwema, ndiye aliyenilipia ada ya maombi ya uzamili. Alijua nadaiwa karo, na alijua mtu asiyemaliza kulipa haruhusiwi kutetea tasnifu. Alinigeukia akacheka kidogo, akasema ule msemo wa matatu. Hakujua. Yeye hakuwepo 2017.

Nilimtazama Shosho. Nilitaka aseme kitu cha kufunga mjadala, kama bibi wanavyofanya kwenye insha. Hakusema. Alikuwa anachambua maharagwe, akaendelea. Ilikuwa juu yangu, na ukweli ni kwamba sikusema hapana mara moja. Nilinyamaza kiasi cha mtu kuhesabu mpaka ishirini, nikiwaza juu ya muhula mmoja tu uliobaki. Kisha nikamwambia kijana punda huyo si wetu peke yetu.

Na ndivyo ilivyo. Tangu Kihongwe afikishe miaka minne, Shosho na yule mjane wanaye kwa zamu: siku tatu mkokoteni wake, siku tatu wetu, Jumapili hafungwi. Saa sita mchana hatamu hutolewa, hata kama kuna wateja kwenye foleni, na mitungi haizidi minane ingawa wengine hupakia kumi na miwili. Kuna wanaotuita wapumbavu kwa hiyo minne inayobaki. Binti wa mjane alirudi shule, sasa yuko kidato cha nne. Mfereji kwenye paji la mama yake haujafutika.

Ijumaa natakiwa kuwasilisha pendekezo upya. Nimeshauriwa nitafute mada "yenye uzito zaidi". Mada ni ile ile. Salio la karo ni shilingi 41,000. Jana Shosho alipiga simu akitaka tupa ya kusawazishia kwato, kwa kuwa ile ya zamani imekwisha meno na za Naivasha bei zake zimempanda kichwani. Nimeipata Gikomba kwa mia sita na hamsini, nimeifunga kwenye gazeti, na kesho asubuhi naipeleka kwenye matatu.